Pumzi ya Injini na Mipaka ya Kuboresha Kitu

Injini ya gari hutegemea hewa kuliko inavyotegemea mafuta. Kila gramu ya petroli, ili iungue sawasawa, hutaka karibu gramu 14.7 za hewa, na hivyo lita moja ya petroli humaliza takriban kilo 11 za hewa. Injini ya lita mbili ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta, kwa hesabu ya ujazo wake, lita zipatazo 3,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Mtu aliyetulia kitini huvuta kati ya lita sita na nane. Hewa ya injini huingilia kwenye mdomo wa plastiki ulio karibu na taa za mbele, hupita katika kasha lenye chujio la karatasi, hupimwa na sensa, kisha hufika kwenye kilango kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta, na hatimaye hugawanywa kwenda kwenye silinda. Njia hiyo ikibanwa, nguvu hupungua. Ikipanuliwa vizuri, nguvu huweza kuongezeka. Kazi ya kubadilisha njia ya hewa huanzia hapo, na ndani yake limo swali ambalo fundi, mwenye gari, mchungaji na mwanafalsafa wana haki sawa ya kuliuliza: je, ni halali kukiongezea kitu pumzi kuliko ile aliyokipimia mtengenezaji wake, na kama ni halali, mpaka uko wapi?

Kenya haina mahali panapolifaa swali hilo kama Eldoret. Jiji hili, lililopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, liko kwenye uwanda wa juu wa Uasin Gishu, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Gari lisilo na tabo, kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 linazopanda, kwa hiyo gari lenye nguvu za farasi 100 likiwa Mombasa hubakiwa na kama 80 likifika Eldoret. Njiani, pale Timboroa, ambako barabara na reli hupita kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700, hupungukiwa hata zaidi. Hakuna kilichoharibika ndani ya injini. Ni hewa tu iliyopungua uzito. Dereva wa lori anayepanda kutoka Bonde la Kerio kuelekea Iten huijua tofauti hii kwa mguu wake wa kulia, hata kama hajawahi kuisoma popote.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wanaoheshimu kazi ya mtengenezaji. Wahandisi wa kiwanda wamepima kila kona ya mpira wa hewa na kila tundu la kasha. Fundi wa jua kali mwenye spana na msumeno ana hoja gani ya kuwasahihisha? Pingamizi hili lina uzito, na mara nyingi ndilo linalopaswa kushinda gerejini. Hata hivyo linasahau tofauti aliyoieleza Aristotle katika kitabu chake cha Fizikia, kati ya vitu vya asili, ambavyo chanzo cha mabadiliko yavyo kimo ndani yavyo wenyewe, na vitu vya kutengenezwa, ambavyo kusudi lavyo hutoka nje, kwa aliyevitengeneza na kwa anayevitumia. Mbegu ya mhindi haihitaji kuambiwa iwe mhindi. Gari haliwi kitu chochote lenyewe. Kila lililonalo limewekwa na akili ya mtu, na akili ya mtu mwingine inaweza kuona lililosahauliwa.

Waumini nao huliuliza swali hilo kwa njia yao. Kurani, katika sura ya An-Nisaa, inahesabu kuyabadili maumbile ya Mungu kuwa miongoni mwa vishawishi vya Shetani, na aya hiyo hutajwa kila penye mjadala wa kuugeuza mwili wa binadamu. Gari halimo katika hukumu hiyo. Ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono ya mtu inaweza kurekebishwa na mikono ya mtu mwingine bila kufuru yoyote. Wakristo husoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba mtu alipuliziwa pumzi na Muumba, kisha akawekwa bustanini ailime na kuitunza. Kuendeleza kilichopo ni sehemu ya uwakili aliokabidhiwa. Katika makanisa mengi ya Kenya gari jipya huletwa liombewe, na padri hulinyunyizia maji ya baraka boneti ikiwa wazi au imefungwa. Anayeombewa hasa ni dereva na wale atakaokutana nao barabarani. Dini, basi, haimkatazi fundi kugusa kitu. Inamuuliza anakigusa kwa ajili ya nini, na nani ataumia.

Mahali pia pana neno lake katika hoja hii. Alexis Kagame, padri na mwanafalsafa wa Rwanda, katika kazi yake ya mwaka 1956 kuhusu falsafa ya kuwepo, aliyagawa yote yaliyopo katika mafungu manne: wenye akili, vitu visivyo na akili, mahali pamoja na wakati, na namna ya kuwa. Mahali kwake si jambo la ziada linaloongezwa baada ya kitu kukamilika. Ni mojawapo ya misingi ya kuwepo kwenyewe. Injini inathibitisha fikra hiyo kwa namna ambayo Kagame huenda hakuifikiria. Chuma ni kile kile, mafuta ni yale yale, lakini kitu kinachoitwa nguvu ya farasi 100 hakipo Eldoret. Kimebaki pwani. Subaru iliyotengenezwa Ota, katika mkoa wa Gunma nchini Japani, ilipimiwa kwanza nchi ambayo miji yake mikubwa imekaa karibu na bahari. Ikiwasili Kenya ikiwa imetumika, chini ya kanuni inayokataza kuingiza magari yaliyopita umri wa miaka minane, kisha ikapandishwa hadi Uasin Gishu, imefika mahali ambapo haikuandaliwa hasa kwa ajili yake.

Enzi za kabureta jambo hili lilionekana kwa macho. Petroli iliyopimiwa hewa nzito ya chini ilizidi kwenye hewa nyepesi ya juu. Plagi zikashika masizi, ekzosti ikatoa moshi mweusi, na gari likawa linakunywa mafuta bila kwenda. Fundi wa nyanda za juu aliitoa jeti, ile skrubu ndogo yenye tundu linalopima petroli, akaweka yenye tundu jembamba zaidi. Kiwanda kisingepinga, maana alikuwa akiimalizia kazi ambayo kiwanda hakingeweza kuimaliza kikiwa mbali. Magari ya siku hizi hujirekebisha yenyewe kwa sensa na kompyuta, yakapunguza petroli kulingana na hewa iliyopo, ila hata kompyuta haiwezi kuitengeneza hewa isiyokuwepo. Tabo ndiyo inayoweza: feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosti hushindilia hewa ndani ya silinda na kurudisha sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko umekitwaa. Ndiyo maana pikapu na malori ya dizeli yenye tabo yanapanda Timboroa bila kulia sana.

Badiliko linalostahili kutangulia yote ni lile ambalo watu hawaliiti badiliko. Fundi akifungua vibano vya kasha la hewa la Probox iliyotoka kubeba maziwa na magunia katika barabara za vumbi za Moiben au Ziwa, chujio hutoka likiwa na rangi ya udongo. Mikunjo ya karatasi iliyokuwa myeupe imeshikana kwa vumbi laini, na kati yake mna mabawa ya wadudu na makapi ya mahindi. Fundi mzuri hulipigapiga taratibu kwenye tairi, kisha hulipuliza kwa bomba la upepo kutoka upande wa ndani kwenda nje. Akilipuliza kinyume, vumbi huzama ndani ya karatasi. Halafu hulinyanyua dhidi ya jua na kulitazama: kikionekana kitone kimoja cha mwanga mkali, karatasi imetoboka, na mchanga utakwaruza kuta za silinda mpaka gari lianze kula oili. Chujio jipya likiwekwa, mwenye gari huapa kwamba limeongezewa nguvu. Limerudishiwa tu stahiki yake. Wengi wanaotafuta nguvu mpya hawajaitumia bado ile waliyoinunua, na kwa maoni ya waliozoea kazi hii hakuna pesa inayorudi haraka kuliko ya chujio safi.

Badiliko linalopendwa zaidi na vijana ni kuondoa kasha zima na kuweka chujio la umbo la pia, lililo wazi, mara nyingi la pamba iliyolowekwa mafuta. Hewa hupita kwa wepesi zaidi, na sauti ya kuvuta, ambayo kiwanda kilikuwa kimeizima kwa vyumba vidogo vya plastiki kwenye mpira wa hewa, sasa husikika. Lakini chujio hilo likiachwa wazi chini ya boneti, karibu na injini yenye moto, huvuta hewa iliyokwisha kupashwa, na hewa ya moto ni nyepesi: kila nyuzi tatu za joto zinazoongezeka hupunguza uzito wake kwa takriban asilimia moja. Gari linaweza kupoteza kwa joto zaidi ya lilichopata kwa upana wa njia. Mafuta yaliyo kwenye pamba hiyo yakizidi, huishika ile waya nyembamba ya sensa ya hewa, na kompyuta ikaanza kupewa hesabu za uongo. Mtu aliyetaka kuongeza anajikuta amepunguza, na bado anafurahi, kwa kuwa sauti imekuwa kubwa.

Hilo ni tatizo la kifalsafa la zamani sana, na halipaswi kuchukuliwa kama ujinga wa vijana. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, katika kitabu alichoeleza namna alivyotoka kwenye shaka, alitoa mfano wa nyota ambayo jicho huiona ndogo kama dinari, huku hesabu zikithibitisha ukubwa wake mno. Hisia ikatoa hukumu, akili ikaja kuitangua. Sikio la dereva hufanya kosa la jicho hilo. Sauti ya kuvuta hewa ni ushahidi wa sauti, basi. Nguvu hupimwa kwa mashine ya kupimia, au kwa saa na mlima mmoja uliopandwa mara kadhaa kwa mzigo ule ule. Fundi anayemwambia mteja ukweli huu kabla ya kupokea pesa zake amefanya kazi ya mwalimu, na Eldoret wapo wa namna hiyo.

Snokeli, lile bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, ni badiliko la aina nyingine. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni hukuta kitu kisichobanika, na konrodi hupinda au kuvunjika papo hapo. Snokeli huinua mdomo wa kuvutia juu ya maji, na vilevile juu ya wingu zito la vumbi linalotimuliwa na magurudumu ya gari la mbele. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, yaliwekewa bomba hilo katika miaka ya 1990 kwa sababu hizo mbili. Mkulima wa Uasin Gishu anayevuka vijito wakati wa mvua za masika ana haja ile ile. Snokeli kwenye gari lisilotoka kwenye lami haimdhuru mtu yeyote, ila mwenye kuiweka anapaswa kujua kwamba amenunua pambo.

Mapenzi ya watu kwa aina fulani za magari huingia katika hoja hii moja kwa moja, kwa kuwa ni nadra mtu kubadilisha gari asilolipenda. Katika Bonde la Ufa wazee huikumbuka Peugeot 504, iliyounganishwa Mombasa na kubeba abiria kati ya Nairobi, Nakuru na Eldoret kwa miaka mingi, na ambayo ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Wakulima wa mahindi na ngano huipenda Land Cruiser ya pikapu na Hilux. Wafanyabiashara wa mazao na maziwa huisifu Probox, gari dogo lisilo na madaha linalobeba mizigo ambayo waliolibuni hawakuitarajia. Isuzu ina heshima yake kwa wenye malori. Na vijana wana Subaru. Mapenzi hayo yana historia: Patrick Njiru, dereva Mkenya, aliendesha Subaru katika Safari Rally, na Colin McRae alishinda mashindano hayo kwa Impreza mwaka 1997. Aliyekuwa mtoto kando ya barabara akiona gari la buluu likipita katika vumbi, leo ana kazi na mshahara, na anataka lile lile.

Ipo hukumu ya haraka inayosema kwamba kupenda chombo ni kuabudu sanamu. Hukumu hiyo haiwatendei haki watu. Mkulima anayeipenda pikapu yake huipenda pamoja na kazi iliyomsaidia kuifanya: karo zilizolipwa, mgonjwa aliyefikishwa hospitali usiku, mavuno yaliyofika ghala kabla ya mvua. Upendo wa namna hiyo hupitia kwenye chombo na kuwafikia watu, na humfanya mtu akitunze chombo chake. Kinachoonywa na dini zote mbili kubwa za Kenya ni pale chombo kinapokuwa kikomo cha upendo, mtu akamnyima mtoto ili alivike gari. Uislamu una neno kali juu ya israfu, hata mafundisho yake yakakataza kupoteza maji ya udhu kwa anayetawadha kando ya mto unaotiririka. Mwenye kununua tabo kubwa kwa gari la kwenda kazini na kurudi anaweza kujipima kwa mafundisho hayo bila kuhitaji shekhe wa kumwongoza.

Eldoret ina sababu nyingine ya kulichukulia swali la pumzi kwa uzito wote. Hewa ile ile inayodhoofisha injini ndiyo inayowajenga wakimbiaji. Mwili unaoishi Iten au Kaptagat, kwenye kimo cha karibu mita 2,400, huhisi uhaba wa oksijeni. Figo hutoa homoni iitwayo EPO, na uboho wa mifupa hutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi. Mwanariadha akishuka kwenda kushindana London au Chicago huwa na damu inayobeba oksijeni nyingi kuliko kawaida. Mwili umejibu mahali. Injini haiwezi kujijibia, inamhitaji fundi. Na hapa ndipo penye ugumu: mtu akijidunga homoni hiyo hiyo kutoka kwenye chupa, anafungiwa kushindana, na Kenya imeunda tangu mwaka 2016 shirika la kitaifa la kupambana na dawa hizo. Kwa nini kuongezewa pumzi kwa mlima kuwe fahari, na kwa sindano kuwe aibu, ilhali matokeo ndani ya damu yanakaribiana?

Jibu la kwamba kimoja ni cha asili na kingine si cha asili halitoshi. Yapo mahema yanayopunguza oksijeni, ambayo mtu hulala ndani yake huko Ulaya au Marekani na kupata sehemu ya faida ya Iten bila kupanda mlima wowote. Mwaka 2006 shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA, lilijadili kuyapiga marufuku, na likaamua kutofanya hivyo. Kilichotofautisha hema na sindano hakikuwa uasili. Kilikuwa madhara kwa mwili na, zaidi ya hapo, uficho. Anayelala hemani anaweza kusema hadharani alichofanya na bado akashindana. Anayejidunga hulazimika kuwadanganya wenzake kuanzia asubuhi ya mazoezi hadi kwenye jukwaa la medali.

Mashindano ya magari yalitoa ushahidi wa jambo hilo kwa njia ya hewa yenyewe. Kanuni za ubingwa wa dunia wa rally mwaka 1995 zilitaka hewa yote inayoingia kwenye tabo ipite katika tundu lenye kipenyo cha milimita 34, ili nguvu za magari zisizidi kiasi. Timu ya Toyota huko Ulaya ilibuni kifaa ambacho, kikifungwa garini, kilisogea na kuacha hewa ya ziada ipenye kando ya tundu hilo; kikifunguliwa kwa ukaguzi, kilijirudisha na kuonekana halali kabisa. Ujanja huo uligunduliwa katika mashindano ya Catalunya. Timu ilifutiwa pointi zake za msimu na kufungiwa kwa miezi 12. Wakuu wa mchezo walikiri wenyewe kwamba kazi hiyo ya uhandisi ilikuwa ya kiwango cha juu sana. Ubora wa kazi haukuipunguzia hatia, kwa kuwa kila sehemu yake ilibuniwa ili mkaguzi aone kisichokuwepo. Milimita chache za hewa zilizofichwa ziliharibu maana ya mashindano yote.

Nje ya mashindano hakuna tundu la milimita 34, lakini wapo wengine wanaovuta hewa hiyo hiyo. Placide Tempels, mmisionari aliyefanya kazi Katanga na kuchapisha kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alidai kwamba kwa watu alioishi nao, kuwepo ni kuwa na nguvu, na nguvu ya mmoja huweza kuongeza au kupunguza ya mwingine. Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, alimkosoa vikali kwa kuwatwika watu wote wa bara fikra moja, na ukosoaji huo ni wa haki. Hata hivyo, wazo la kwamba nguvu haziongezeki upande mmoja bila kugusa upande mwingine ni la kweli kabisa barabarani. Lita moja ya petroli, kwa hewa nyepesi ya Eldoret, humaliza mita 11 hadi 12 za ujazo wa hewa, kiasi kinachokaribia pumzi zote za mtu aliyetulia kwa siku nzima, na hurudisha takriban kilo 2.3 za kaboni dioksaidi. Magari huitumia hewa hiyo kila siku na ndivyo yalivyoumbwa yafanye. Ila fundi anapozidisha dizeli kuliko hewa ili lori liwe na nguvu ya kupanda mlima, masizi meusi yanayotoka humwangukia muuza mahindi ya kuchoma, mwenye bodaboda na mtoto anayetoka shule. Anayekata kifaa cha kusafisha moshi akauza madini yaliyomo ndani yake, anauza kitu ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa cha majirani zake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeziweka haki ya mwenye gari na haki ya majirani zake karibu karibu. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Gari ni mali ya mwenyewe hadi kwenye mdomo wa kuvutia hewa na mwisho wa ekzosti. Kabla ya mdomo huo na baada ya ekzosti, hewa ni ya wote. Fiqhi ya Kiislamu ilifika hapo mapema, kwa kanuni inayomzuia mtu kumdhuru mwenzake hata anapotumia kilicho chake, na kwa mafundisho yanayowafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Hewa haikutajwa, labda kwa kuwa hakuna aliyewahi kudhani kwamba ingeweza kumilikiwa. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliitaja hali ya hewa ya dunia kuwa mali ya wote, na mwezi Novemba mwaka huo huo akazungumza kuhusu mazingira katika ofisi za Umoja wa Mataifa, Gigiri. Kelele nazo zimo. Kanuni za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu makelele hazikutungwa kuwaonea vijana wa Subaru. Zilitungwa kwa ajili ya anayelala, anayesali na aliyelazwa hospitali.

Limebaki swali la utambulisho. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, alisimulia juu ya meli ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja moja hadi watu wakabishana kama bado ni meli ile. Katika gereji za Eldoret mjadala huo ni wa kila wiki: Impreza iliyokuja bila tabo imewekewa injini yenye tabo iliyotoka kwenye gari lililopata ajali, giaboksi nyingine, kompyuta nyingine na njia mpya ya hewa. Sheria ya Kenya imejibu kwa vitendo. Logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inapaswa kuarifiwa na kumbukumbu kurekebishwa. Gari, machoni pa sheria, linabaki kuwa lile lile kwa chesisi yake, lakini badiliko lake ni lazima liandikwe. Jibu hilo lina busara kuliko linavyosifiwa. Linaruhusu kitu kibadilike na kuendelea kuwa chenyewe, kwa sharti kwamba historia yake isomeke.

Sharti hilo hupata uzito wake wote siku ya kuuza. Katika mapokeo ya Kiislamu, Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka na kukuta unyevu chini ya nafaka kavu iliyowekwa juu, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Wakazi wa Uasin Gishu, wanaopima unyevu wa mahindi kabla ya kununua gunia, hawahitaji kufafanuliwa kisa hicho. Gari lililoendeshwa kwa miaka miwili na chujio wazi katika vumbi la Moiben, kisha likarudishiwa kasha lake la kiwandani wiki moja kabla ya kuuzwa, ni lundo la namna hiyo. Silinda zimekwisha kukwaruzwa, tabo imechoka, na mnunuzi anaonyeshwa plastiki safi.

Kwa hiyo kuiongezea injini pumzi ni halali, na katika mwinuko wa Eldoret mara nyingi ni kazi njema. Uhalali huo hukoma pale moshi wake unapohamishiwa kifuani mwa mpita njia, na pale badiliko linapofichwa kwa mkaguzi au kwa mnunuzi. Mwenye gari lililobadilishwa analiuza kwa haki akifungua boneti mwenyewe, akataja kila kilichoondolewa na kilichowekwa, akamkabidhi mnunuzi vipuri vya kiwandani alivyovitunza, na akahakikisha kwamba namba ya injini iliyo kwenye logibuku ndiyo iliyochongwa kwenye chuma.